Kuku wa Colchagua: kuyaelewa maneno ya kilimo hai kwenye chupa ya mvinyo wa Emiliana

Katika bonde la Colchagua, kusini mwa Santiago, mji mkuu wa Chile, kuna mabanda ya kuku yenye magurudumu. Banda husogezwa kutoka mstari mmoja wa mizabibu hadi mwingine, mlango hufunguliwa, kuku wanatoka kuchakura. Wanatafuta wadudu, hasa aina moja ya fukusi ambaye Wachile wamempa jina la burrito, yaani kijipunda. Mdudu huyu hupanda shina la mzabibu na kutafuna machipukizi kabla hayajafunguka. Kuku humla, na anapoondoka ameacha mbolea. Mwenye shamba amepata kazi mbili kwa ndege mmoja, bila kununua dawa wala gunia la mbolea ya chumvichumvi.

Kuku hao ni wa Emiliana, mojawapo ya makampuni makubwa duniani yanayotengeneza mvinyo wa kilimo hai. Nimeanza na kuku kwa sababu ndio wanaoonekana. Ukisoma habari za mvinyo unaojali mazingira utakutana nao, pamoja na alpaka, kondoo na farasi, katika picha nzuri zenye milima ya Andes nyuma yake. Kisha unaenda dukani, unageuza chupa, na unakutana na maneno: kilimo hai, biodainamiki, salfaiti, zabibu za kilimo hai, kaboni. Kuku hayupo. Na maneno hayo, ambayo mnunuzi huyachukua kama kitu kimoja, kila moja linazungumzia jambo lake.

Njia rahisi niliyoipata ya kuyafungua ni hii: mvinyo hupita sehemu tatu kabla ya kufika mezani. Kwanza shambani, zabibu zinapolimwa. Pili kiwandani, zabibu zinapokamuliwa na kuchachushwa. Tatu ni safari, kuanzia chupa yenyewe hadi meli na lori. Kila neno la kwenye lebo uliulize: wewe unajibu la shamba, la kiwanda au la safari? Mengi hujibu la shamba tu. Machache hugusa kiwanda. La safari karibu hakuna, na huko ndiko kwenye mzigo mkubwa.

Msomaji usiyekunywa pombe, usiondoke. Maneno hayohayo yapo kwenye kahawa ya Kilimanjaro, kwenye viungo vya Zanzibar na kwenye asali ya Tabora, na mtego wake ni uleule.

Kwa nini Chile, na kwa nini Emiliana

Emiliana ilianzishwa mwaka 1986 na familia ya Guilisasti, familia yenye hisa kubwa katika Concha y Toro, kampuni kubwa kuliko zote za mvinyo nchini Chile. Kwa miaka kumi na zaidi ililima kama wengine. Mwaka 1998 José Guilisasti, akishirikiana na mtaalamu wa mvinyo Álvaro Espinoza, alianza kuyageuza mashamba kuwa ya kilimo hai. Wakati huo nchini Chile hilo lilikuwa wazo la watu wachache, na wenye mashamba makubwa hawakuwamo. Jambo hili lina uzito wake, kwa sababu mtu mwenye ekari mbili anaweza kujaribu na kushindwa kimya kimya, lakini familia yenye jina na mkopo benki inashindwa mbele ya watu.

Mahali penyewe palisaidia sana. Chile ya kati imezungushiwa uzio wa asili: kaskazini jangwa la Atacama, mashariki Andes, magharibi bahari ya Pasifiki, kusini barafu. Filoksera, mdudu mdogo wa mizizi aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, hajawahi kuingia katika mabonde hayo. Mvua hunyesha wakati wa baridi, mizabibu ikiwa imelala bila majani. Kiangazi ni kikavu, na ukavu ndio rafiki mkubwa wa mlima zabibu, maana magonjwa mengi ya mzabibu ni ya ukungu, na ukungu unataka unyevu.

Kwa hiyo tuwe wa haki tunapolinganisha. Mkulima wa kilimo hai huko Bordeaux, Ufaransa, ambako mvua hunyesha hadi zabibu zinapoiva, anapigana vita ambavyo mwenzake wa Colchagua havijui. Wote wawili wana cheti kimoja, lakini jasho lao halilingani.

Shambani: cheti kinakataza nini, na kinaruhusu nini

Watu wengi huamini kilimo hai maana yake ni kutopulizia kitu chochote. Sivyo. Maana yake ni kutotumia mbolea na viuatilifu vilivyotengenezwa kwa kemikali za viwandani. Salfa inaruhusiwa, na shaba inaruhusiwa, kwa vipimo.

Kisa cha shaba kinastahili kusimuliwa. Katika miaka ya 1880, ugonjwa wa ubwiri vinyoya ulikuwa umeingia Ufaransa kutoka Amerika na majani ya mizabibu yalikuwa yakianguka kabla ya wakati. Mtaalamu wa mimea, Pierre-Marie-Alexis Millardet, alikuwa akipita Médoc, katika eneo la Bordeaux, akaona mizabibu ya kando ya barabara ina majani mazima, huku ya ndani ya shamba ikiwa imekauka. Akauliza. Akaambiwa ile ya barabarani imepakwa mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa ili iwe na rangi mbaya, wapita njia wasiibe zabibu. Dawa ya wezi ikawa dawa ya ukungu. Millardet alitangaza matokeo yake mwaka 1885, na mchanganyiko huo ukaitwa wa Bordeaux hadi leo.

Ndiyo dawa iliyobaki mkononi mwa mkulima wa kilimo hai. Lakini shaba ni chuma, haiozi. Ikidondoka kutoka kwenye jani inabaki udongoni, mwaka juu ya mwaka, na ikizidi inawaua nyungunyungu na vijidudu ambao kilimo hai kinadai kuwalinda. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Hapa ukavu wa Chile unarudi kuwa faida ya kweli kwa mazingira: tatizo kuu huko ni ubwiri unga, ambao unazuiwa kwa kurushia unga wa salfa, na shaba haihitajiki kwa wingi kama Ulaya.

Kilichobaki ni kazi ya mikono na akili. Maganda na mbegu zinazobaki baada ya kukamua zabibu huchanganywa na samadi, zikageuzwa mboji. Kati ya mistari hupandwa jamii ya kunde ili ziirudishie ardhi naitrojeni, na mimea ya maua ili wadudu rafiki wapate makazi. Wakati wa baridi kondoo huingizwa kula magugu. Lazima watolewe kabla machipukizi hayajatoka, la sivyo watakula mavuno ya mwakani. Kuku nao wako kazini.

Ila kuna gharama ambayo wauzaji hawaitaji. Shamba lisilotumia dawa ya magugu lazima lipaliliwe, na hekta mamia hazipaliliwi kwa jembe la mkono. Trekta linapita mara nyingi zaidi, na trekta linakunywa dizeli. Kwa hiyo shamba la kilimo hai linaweza kuwa na udongo wenye afya na wakati huohuo likachoma mafuta zaidi ya jirani yake. Bado nadhani biashara hiyo inalipa, maana udongo uliokufa haufufuki kwa msimu mmoja, lakini ni lazima isemwe.

Kisha kuna miaka ya kusubiri. Shamba likishaacha kemikali, kwa kawaida hupita miaka mitatu kabla zabibu zake hazijaruhusiwa kuitwa za kilimo hai. Katika miaka hiyo mkulima anabeba gharama za njia mpya na kuuza kwa bei ya njia ya zamani. Guilisasti waliweza kusubiri. Mkulima mdogo anasubiri kwa kula nini? Swali hili nitalirudia mwishoni, maana linatuhusu sisi moja kwa moja.

Pembe ya ng'ombe

Neno linalofuata kwenye chupa ni biodainamiki, na hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa au kukasirika.

Chanzo chake ni mihadhara iliyotolewa mwaka 1924 na Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, katika kijiji cha Koberwitz, ambacho siku hizi kiko Poland. Hakuwa mkulima. Alifundisha kwamba shamba ni kiumbe kimoja, chenye wanyama, mimea, udongo na watu, na kwamba lijitosheleze kwa mbolea na malisho bila kuagiza kutoka nje. Hadi hapo bibi yeyote wa kijijini angemwelewa. Kisha akaongeza maandalizi maalumu. Samadi hutiwa ndani ya pembe ya ng'ombe jike, pembe huzikwa wakati wa baridi yote, hufukuliwa majira ya kuchipua, na kilichomo hukorogwa katika maji kwa muda wa saa moja, kikanyunyizwa shambani. Kipimo ni gramu 100 hivi kwa hekta nzima. Lipo andalizi jingine la unga wa jiwe la kwazi ndani ya pembe, na mengine ya maua ya kamomili na magome ya mwaloni yanayowekwa ndani ya mboji. Wengi hufuata pia kalenda ya mwezi na nyota katika kupogoa na kuvuna.

Je, inafanya kazi? Ukiniuliza kuhusu ile pembe, jibu langu ni kwamba ushahidi wa kisayansi ni dhaifu. Majaribio yaliyolinganisha shamba la biodainamiki na shamba la kilimo hai linalopewa mboji nzuri yameona tofauti ndogo au hayakuona tofauti. Gramu 100 haziwezi kuwa mbolea kwa hekta. Lakini ukiniuliza kuhusu mashamba yenyewe, nitakujibu vingine. Demeter, shirika la vyeti vya biodainamiki ambalo jina lake limetumika tangu 1928, linadai mambo ambayo cheti cha kawaida cha kilimo hai hakidai. Moja ni kwamba sehemu ya kumi ya ardhi iachwe kwa viumbe wa asili: vichaka, miti, mabwawa. Mwenye pembe analazimika pia kuwa na msitu. Msitu huo una faida hata kama pembe haina.

Emiliana ilikwenda njia hiyo kwa moyo wote. Espinoza alikuwa amejifunza biodainamiki huko California, akarudi nayo nyumbani. Mwaka 2003 kampuni ilitengeneza Gê, jina la Kigiriki lenye maana ya ardhi, na ukawa mvinyo wa kwanza wa Amerika Kusini kupewa cheti cha biodainamiki.

Kiwandani: salfaiti, na chupa moja yenye majina mawili

Mpaka hapa tumekuwa shambani. Zabibu zikishaingia kiwandani sheria nyingine zinaanza.

Kata parachichi, liache mezani. Baada ya muda linageuka kahawia. Juisi ya zabibu hufanya vivyo hivyo, na mvinyo pia, kwa sababu ya hewa. Juu ya hilo kuna bakteria wanaotaka kuugeuza kuwa siki. Dawa ya kale ya mambo yote mawili ni dioksidi ya salfa, ambayo kwenye lebo huonekana kama salfaiti. Chachu yenyewe huizalisha kidogo inapofanya kazi, kwa hiyo mvinyo usio na salfaiti hata chembe ni nadra sana. Unaouzwa kwa maneno hayo ni mvinyo ambao haukuongezewa.

Sasa fundo lenyewe. Umoja wa Ulaya, tangu kanuni za mwaka 2012, unaruhusu mvinyo uitwe wa kilimo hai hata ukiongezewa salfaiti, mradi zisizidi kiasi: kwa mvinyo mwekundu mkavu miligramu 100 kwa lita, wakati mvinyo wa kawaida unaruhusiwa 150. Mweupe ni 150, dhidi ya 200 za kawaida. Kabla ya 2012 Ulaya ilitambua zabibu za kilimo hai tu, hakukuwa na mvinyo wa kilimo hai kisheria. Marekani ina msimamo mwingine: ukiongeza salfaiti yoyote, huwezi kuuita mvinyo wa kilimo hai. Unaruhusiwa kuandika kwamba umetengenezwa kwa zabibu za kilimo hai, salfaiti zisizidi sehemu 100 kwa milioni, na hupewi ruhusa ya kubandika ile alama ya duara ya wizara ya kilimo.

Matokeo yake, mvinyo uleule, kutoka tangi lilelile la Emiliana, unaweza kupewa jina la mvinyo wa kilimo hai pamoja na jani la kijani, alama ya kilimo hai ya Ulaya, ukifika Berlin, na ukifika Chicago ukashushwa cheo na kuandikwa kuwa umetokana na zabibu za kilimo hai. Shamba halijabadilika. Kuku ni walewale. Mnunuzi wa Marekani anayedhani maandishi hayo ni ujanja wa kampuni isiyotimiza masharti amekosea, na wa Berlin anayedhani jani linamaanisha hakuna kilichoongezwa amekosea pia.

Kuhusu kuumwa kichwa: salfaiti husingiziwa mno. Aprikoti zilizokaushwa zinaweza kuwa na salfaiti nyingi kuliko mvinyo, na hatusikii watu wakilalamikia vichwa baada ya kuzila. Mwenye pumu ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu baadhi yao huathirika kweli. Wengine watazame kwanza kilevi chenyewe. Hapa nisieleweke vibaya: kilimo hai hakipunguzi kilevi hata nukta moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vyenye kilevi katika kundi la visababishi vya saratani tangu 1988, na halikutoa msamaha kwa vile vya zabibu zisizopuliziwa dawa.

Familia ya chupa

Ukijua hayo, orodha ya mvinyo wa Emiliana inasomeka vizuri. Ngazi ya chini kwa bei ni Adobe, jina la tofali la udongo lililokaushwa juani, lile ambalo nyumba nyingi za mashambani Chile zilijengwa nalo na ambalo sisi pia hatuhitaji kuelezwa. Humo kuna mvinyo wa aina moja moja ya zabibu: Sauvignon Blanc, Chardonnay, Merlot, Cabernet Sauvignon, Syrah, Carmenère. Katika masoko mengine, Marekani ikiwamo, ngazi ya namna hii imeuzwa kwa jina la Natura. Juu yake iko Novas, kisha Signos de Origen, ambayo huchaguliwa kutoka vipande maalumu vya mashamba. Mvinyo mweupe mzuri hutoka zaidi bonde la Casablanca, karibu na bahari, ambako ukungu wa asubuhi unaoletwa na mkondo baridi wa Humboldt huzipoza zabibu zisiive kwa haraka.

Nikae kidogo kwa Carmenère, maana ndiyo fahari ya Chile na ilipotea kwa zaidi ya karne. Ni zabibu ya Bordeaux, ambako filoksera ilipopita wakulima hawakujisumbua kuipanda tena. Miche yake ilikuwa imeshavuka bahari, ikapandwa Chile ikichanganyika na Merlot, na watu wakaiita Merlot. Walishangaa tu kwamba Merlot yao huchelewa kuiva. Mnamo Novemba 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alisimama katika shamba moja la bonde la Maipo, akatazama maua, akasema hii si Merlot. Mwenye shamba la kilimo hai ana sababu yake ya kuipenda: inachelewa kuiva, inataka vuli ndefu na kavu, na Chile inazo. Nchi yenye mvua za vuli ingeilazimu ipuliziwe dawa mpaka mwisho.

Coyam ndio mvinyo uliolijenga jina la Emiliana. Neno ni la Mapudungun, lugha ya Wamapuche, likimaanisha mialoni ya asili ya huko, na unatoka katika shamba la Los Robles, Colchagua, jina ambalo kwa Kihispania lina maana hiyohiyo. Ni mchanganyiko unaoongozwa na Syrah na Carmenère, zikisindikizwa na zabibu nyingine kadiri mwaka ulivyokwenda. Uvunaji wake wa kwanza ulikuwa 2001, miaka mitatu baada ya mageuzi kuanza, na mimi naona huo ndio uthibitisho wa nguvu kuliko vyeti: mvinyo ulisimama mbele ya watu kwa ladha yake kwanza. Gê uko kileleni, wa bei ambayo wengi wetu tutausoma tu. Na pembeni kuna Salvaje, yaani wa mwitu, wa Syrah na Roussanne kidogo, usioongezewa salfaiti. Huo ndio jibu la moja kwa moja kwa wanaotaka kiwanda kiguse kidogo iwezekanavyo. Unahitaji kutunzwa mahali baridi na kunywewa ungali mchanga.

Kwa hiyo katika kampuni moja, zabibu zote ni za kilimo hai, lakini si kila chupa ni ya biodainamiki, na ni chache sana zisizoongezewa salfaiti. Anayesema “nataka ule mvinyo wa mazingira” bado hajataja chupa.

Ambayo cheti hakiulizi

Chile ya kati imo katika ukame uliotangazwa kuanza mwaka 2010, ambao wataalamu wa huko wameupa jina la ukame mkuu. Mizabibu ya mabonde hayo humwagiliwa, na hata kwa matone, maji lazima yatoke mahali: theluji ya Andes na visima. Sheria ya maji ya 1981 ilifanya haki za maji ziweze kununuliwa na kuuzwa kama kiwanja, na vijiji kadhaa nchini humo vimekuwa vikiletewa maji kwa malori huku mashamba ya matunda yakistawi. Sheria hiyo ilirekebishwa 2022 ili maji ya kunywa yatangulie. Cheti cha kilimo hai hakikuambii lita ngapi zilitumika wala zilitoka kisima cha nani. Udongo wenye mboji hushika maji zaidi, hilo ni kweli na ni jema, lakini mboji haijibu swali la haki.

Kisha chupa. Kioo huyeyushwa kwenye tanuru la nyuzi 1,500 hivi, usiku na mchana, mara nyingi kwa gesi. Tathmini iliyofanywa kwa sekta ya mvinyo ya California mwaka 2011 ilikuta chupa ya kioo peke yake inachukua karibu asilimia 30 ya hewa ukaa yote, kuanzia shambani hadi dukani. Chupa ya kawaida ina gramu 500 na kitu, na zipo zinazokaribia kilo moja, zimenenepeshwa makusudi ili mnunuzi aone amebeba kitu cha thamani. Mvinyo ndani ni uleule, mililita 750. Jimbo la Ontario, Kanada, lilianza mwaka 2013 kuwadai wauzaji wa mvinyo wa bei ya kawaida wasizidishe gramu 420 kwa chupa. Mwaka 2023 wanunuzi wakubwa kadhaa wa kimataifa walikubaliana kushusha wastani wao kutoka gramu 550 hadi 420 kufikia mwisho wa 2026. Hatua hiyo haina picha nzuri, lakini inaokoa kuliko kundi zima la alpaka.

Safari ya meli yenyewe ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Kontena likivuka bahari linachoma kidogo kwa kila chupa, na lori linalopanda milima linachoma zaidi. Ukiusafirisha mvinyo kwenye mfuko mkubwa ndani ya kontena, zinaingia lita 24,000, zaidi ya mara mbili ya zinazoingia zikiwa kwenye chupa, na hubebi kioo.

Na hapa Afrika Mashariki tuna la kuonyesha. Soda na bia kwetu zimezoea kurudi: chupa tupu, kreti, dhamana, lori linalokuja na zilizojaa na kuondoka na tupu. Chupa inaoshwa, inajazwa tena. Ulaya ilikuwa na utaratibu huo kwa mvinyo, ikauacha kwa sehemu kubwa, na sasa inajaribu kuurudisha kwa shida. Inasikitisha kuona chupa za plastiki zikiingia kwenye maduka yetu na watu wakizipokea kama maendeleo.

Dodoma

Tanzania inalima zabibu za mvinyo, nyingi zikitoka Dodoma, katika maeneo kama Hombolo, Mpunguzi, Bihawana na Chinangali, na wamisionari ndio walioziingiza katikati ya karne iliyopita. Ukavu upo kama Colchagua. Lakini hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima anapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno mawili maana yake ni majani mabichi karibu mwaka mzima, na ubwiri unga unakuwa na chakula mwaka mzima. Kanuni za Chile haziwezi kuhamishwa kama zilivyo.

Alama ya kilimo hai ya Afrika Mashariki tunayo. Inaitwa Kilimohai, ilizinduliwa mwaka 2007 pamoja na viwango vya pamoja vya nchi za eneo hili, na wakulima wadogo wanaruhusiwa kukaguana kwa vikundi badala ya kila mmoja kulipia mkaguzi wa kigeni. Lile swali la miaka mitatu ya kusubiri linapungua makali watu wakisubiri kwa kikundi, wakigawana gharama na samadi. Kuku wapo. Ng'ombe wa Wagogo wapo, na mbolea yao haihitaji kuzikwa ndani ya pembe.

Kikwazo kiko kwenye hatua ya pili, kiwandani. Zabibu ikivunwa haisubiri. Mkulima mwenye ekari moja anaipeleka kwa mnunuzi aliyepo siku hiyo, au inakamuliwa kuwa mchuzi wa zabibu na kumiminwa kwenye tangi moja na za majirani ishirini, waliopulizia na wasiopulizia. Mchuzi wa kilimo hai unatakiwa kuwa na tangi lake, lililooshwa, lenye kumbukumbu za nani alileta kilo ngapi na lini. Bila tangi hilo, kazi ya miaka mitatu ya kikundi kizima inapoteza jina lake mchana mmoja wa mavuno.